Mbwa wa mama mwenye nyumba, mwanangu amchaji shilingi ngapi?

Somo wangu shikamoo. Naomba jina langu lisitoke kabisa maana Tanga hii ndogo, ukipiga chafya Chumbageni unaitikiwa Sahare.

Mimi ni fundi cherehani, nina watoto watatu, baba yao yuko Mtwara kikazi anakuja mara mbili kwa mwaka. Tumepanga vyumba viwili vya uani, elfu themanini kwa mwezi, mama mwenye nyumba anakaa nyumba kubwa ya mbele. Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko form two, mtoto mpole, haombi hela hovyo, tatizo lake moja tu anapenda wanyama yani tangu mdogo akiokota paka kavunjika mguu ananiletea mie nimfunge kitambaa.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza. Kuna mzee mmoja mstaafu wa bandari anakaa Raskazone, suruali zake nashona mie siku nyingi, akaanguka bafuni akaumia nyonga. Sasa ana mbwa wake mkubwa aliyekuwa anatembea naye kila jioni kule baharini, akawa hawezi tena, akamwomba mwanangu amsaidie. Dogo alifurahi kama kanunuliwa baiskeli. Mzee analipa anavyojisikia, leo jero, kesho buku mbili, kesho kutwa "utapata kesho mjukuu wangu", siku nyingine anampa machungwa. Mwanangu wala hajali, anasema yule mzee anamsimulia habari za meli.

Akiwa kule kule wageni fulani wakamwona, mtu na mkewe, wana mbwa wawili wadogo wapole, wakamwomba awe anawatoa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hawakuuliza bei. Siku ya kwanza wakampa 5,000 na ndo imekuwa hiyo hiyo kila akienda. Somo, elfu tano! Mie hapa nakunja suruali kwa buku mgongo unauma.

Sasa mama mwenye nyumba naye ana mbwa wa ulinzi, mkali, mchana kutwa yuko bandani anafunguliwa usiku. Aliposikia akasema "kwa vile mwanetu umeshakuwa bingwa basi na huyu wetu mtoe." Dogo anamtoa saa mbili na nusu usiku baada ya taarifa ya habari kwa sababu mchana anarukia watu, kama dakika arobaini hivi, kila siku kasoro Ijumaa. Mwisho wa mwezi anampa elfu kumi, na Jumapili sahani ya pilau. Wiki mbili zilizopita yule mbwa aliona bajaji akachomoka nayo, dogo akaburuzwa mpaka chini, suruali ikachanika gotini na ngozi ikatoka kidogo. Hakuumwa na mbwa, ni lami tu.

Baada ya hapo mwanangu akakaa na daftari lake la hesabu ukurasa wa nyuma akaandika bei. Mbwa mpole 1,500, mbwa mkali 2,500, kwa mzunguko mmoja. Akaniletea akasema mama nisaidie kumwambia mama mwenye nyumba. Mie nikakaa kimya siku tatu. Kabla sijasema lolote dada wa kazi wa mle ndani akawa kashamwambia bosi wake kwamba wageni wanatoa elfu tano, basi mama wa watu akanisimamisha pale kwenye kamba ya nguo, "kwa hiyo sisi Waswahili hela yetu haina thamani siku hizi?" Afu akaongeza, "mbona mie sikuhesabu ile miezi mitatu?" Somo, nilihisi ardhi inapasuka. Ni kweli mwaka jana baba yao alikaa hajalipwa, mama huyu alinivumilia kodi miezi mitatu bila kunifokea hata siku moja, nikaja kumlipa kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Baba yao nikimpigia anasema mwache atembeze bure, jirani ni jirani, hela itampa mtoto kiburi. Mama mkwe wangu yuko Makorora, yeye ndo kabisa, pesa ya mbwa haramu na hataki mjukuu akanyage kwake na zile nguo. Na mtoto anajitahidi jamani, ana fulana na suruali ya mbwa peke yake zinakaa kwenye msumari nyuma ya choo, na kopo la udongo, akirudi anajiosha mara saba moja kwa udongo kama alivyofundishwa madrasa, ndo aingie ndani.

Na nisikufiche, mwezi wa nne nilikopa elfu arobaini kwenye kibubu chake nikalipa umeme na madaftari ya mdogo wake, sijarudisha bado.

Naomba unisaidie, bei ya haki ni ipi? Bei moja kwa wote au kila mtu na yake? Na nitamwambiaje mama mwenye nyumba vyumba visije vikawa vya moto?

Mama wa uani, Chumbageni


Marahaba mwanangu, na pole na cherehani. Barua yako nimeisoma asubuhi nikairudia tena jioni, ile ya jioni ndo nikaona vitu ambavyo asubuhi nilivipita.

Umeniuliza bei. Nitakuja huko na hesabu tutapiga, usijali, lakini kwanza nikwambie nilivyokuelewa unirekebishe kama nimekosea. Una mtoto anafanya kazi moja sehemu tatu. Kwa mzee analipwa ovyo na roho yake nyeupe. Kwa wageni analipwa vizuri na wala hakuomba. Kwa mama mwenye nyumba analipwa kidogo, na hapo tu ndipo shingo inapokukaza. Sasa kama shida ingekuwa hela peke yake basi mzee ndo angekuwa mkosaji wa kwanza, maana huyo kuna siku analipa chungwa! Lakini umemwandika kwa upendo kabisa. Kwa hiyo kuna kitu kingine hapa kwenye hii kamba ya mbwa, kitu kimefungwa mwisho mwingine, na nadhani unakijua.

Tuanze na hesabu basi. Elfu kumi kwa siku 26 ni kama shilingi 385 kwa safari. Ukiangalia haraka unasema huu ni wizi. Ngoja kidogo. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri alipwe 120,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa saa za kazi za mwezi, wiki ya saa 45, inakuja kama 615 kwa saa. Mwanao kwa dakika arobaini zake mara 26 anapata kama 577 kwa saa. Umeona? Mama mwenye nyumba hajatoka nje ya dunia, pengine anatumia kipimo kile kile anachompimia dada wa ndani na kichwani mwake yuko sawa kabisa. Kwa hiyo ukienda kwake na uso wa mtu aliyeibiwa atashangaa kweli, siyo kuigiza.

Hapo hapo na yeye kuna vitu havioni. Viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026 kwa hiyo hiyo 615 ni sakafu ya zamani. Halafu kile ni kipimo cha mtu mwenye ajira ya mwezi mzima, kazi imemkalia hapo hapo. Kibarua cha vipande vipande hakipimwi hivyo, na hili we mwenyewe ndo ungemfundisha. Ukikunja suruali kwa buku unatumia dakika ngapi, kumi? Ukipiga kwa saa ni elfu sita, mbona mteja hakuiti mwizi? Kwa sababu anajua kuna uzi, kuna umeme, kuna kutandika na kukaa unasubiri mwingine aje au asije. Na mwanao naye ana uzi wake. Lile kopo la udongo. Kuvua, kujiosha mara saba, kufua ile fulana, kuanika, weka robo saa tu kila siku, hapo saa yake inashuka mpaka kama 420. Hakuna hata mmoja wenu aliyeihesabu hiyo robo saa, wala wewe, wala mama mwenye nyumba, na nikiangalia daftari lake naye hajaihesabu, kaiona ni ibada akanyamaza.

Na elfu tano ya wageni je? Hapa nakuomba uwe mwangalifu maana naona imekuingia macho. Sisi watu wa Tanga tunajisemea wenyewe, waja leo waondoka leo, na hao mkataba wao ukiisha wanafunga masanduku na mbwa wao na elfu tano yao. Bei ya mtu anayeondoka usiifanye kipimo cha mtu utakayeishi naye ukuta kwa ukuta. Lakini angalia kitu kizuri, mwanao kaandika mbwa mpole 1,500. Wale wawili ingekuwa elfu tatu. Yani yeye hakuichukua hata kidogo ile elfu tano kama bei yake, anajua ile ni bei pamoja na ukarimu. Walioishikilia ni ninyi watu wazima wawili pale kwenye kamba ya nguo. Baba yake anasema hela itampa kiburi, mie sijakiona hicho kiburi kwenye ule ukurasa wa nyuma. Nimeona mtoto aliyeburuzwa kwenye lami akakaa chini akafikiri kwa nini mbwa huyu na yule wasiwe sawa.

Lakini na bei yake uipige mpaka mwisho kabla haijatoka nje. 2,500 mara 26 ni elfu sitini na tano. Kodi yako ni themanini. Mama mwenye nyumba akipigiwa hiyo hesabu siku moja bila kuandaliwa, atasikia kwamba wapangaji wanataka kukaa karibu bure kwa mgongo wa mbwa wake. Sisemi bei ni mbaya, nasema ina kishindo. Kuna njia za kuipunguza kishindo bila kuipunguza thamani, kwa mfano safari tatu kwa wiki badala ya sita. Au bei ya mwezi iliyo chini ya ile ya safari moja moja, kama unavyomfanyia mteja anayeleta sare za watoto watano kwa mkupuo.

Sasa nije kwenye lililonikosesha raha, na wala siyo shilingi. Saa mbili na nusu usiku.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi, isiyomdhuru wala kumvurugia shule, na inasema alipwe ujira unaolingana na kazi aliyofanya. Hapo uko salama na hata mumeo akisema bure unaweza kumjibu taratibu. Ila sheria hiyo hiyo inakataza mtoto kufanyishwa kazi kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Sikwambii ili ukamtishe mama wa watu na vifungu, ukifanya hivyo umebomoa nyumba kwa ajili ya banda. Nakwambia ili ujue kwamba hata wangempa elfu ishirini kwa safari ile saa bado ingekuwa mbaya. Mtoto wa form two ana upimaji wa taifa mwezi wa kumi na moja, saa hizo angekuwa na kitabu. Na mbwa mkali gizani, pikipiki zinapita bila taa, mbwa koko wako nje, ye mwenyewe kilo ngapi huyo mtoto?

Umesema hakuumwa, ni lami tu, na nimeona ulivyoharakisha kuiandika hiyo "tu". Mie imenishika hapo hapo. Yule mbwa ana kadi ya chanjo? Chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa, wengi wetu tunachanja kila mwaka, na mbwa wa bandani ndo wanaosahauliwa kwa sababu watu wanadhani hatoki. Sasa anatoka. Wageni nadhani wanayo kadi, mzee muulize, mama mwenye nyumba muulize pia, ni swali la kawaida kabisa la mtu mwenye mtoto. Na mfundishe dogo, siku akiumwa au hata akikwaruzwa na jino, na mbwa yeyote awaye, asifiche kwa kuogopa kukatazwa kazi. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano nzima, halafu hospitali siku hiyo hiyo, pale Bombo au kituo kilicho karibu, akaanze sindano. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini sindano ikiwahi inazuia. Nani atalipa? Hilo swali liingie kwenye bei kabla ya kusema mkali 2,500. Pengine mama mwenye nyumba akisema "likitokea lolote gharama ni zangu" hiyo ina thamani kuliko buku la nyongeza. Na pengine yule mbwa siyo wa kutembezwa na mtoto kabisa, kwa bei yoyote ile. Sijamwona, wewe umemwona.

Mama mkwe nisimpite, ni mzazi. Kwenye madhehebu yetu ya pwani najisi ya mbwa ni kwenye unyevu, mate na jasho, mkavu kwa mkavu haiambukizi, na kuosha ndo kule anakofanya mwanao, tena kwa adabu ambayo wakubwa wengi hawana. Hiyo ya pesa haramu, hadithi inayotajwa sana ni ya thamani ya mbwa, yani kumuuza, ujira wa mtu aliyefanya kazi ya miguu yake ni swali jingine. Mie siyo sheikh. Nenda na dogo kwa mwalimu wake wa madrasa mkaulize mbele yake, jibu likitoka huko bibi atalipokea vizuri kuliko likitoka kwako, maana mkwe ni mkwe. Na ukiwa huko muulize na hili la ujira kujulikana kabla ya kazi kuanza, utashangaa lilivyo la zamani kuliko daftari la mwanao.

Haya. Sasa ile miezi mitatu.

Rudi kwenye barua yako usome ulivyoandika. Umesema ulimlipa "mpaka ikaisha". Neno lako hilo. Basi kodi imeisha. Kilichobaki ni wema wake, kwamba hakukufokea, hakukutolea vyombo nje, na huo haulipiki kwa risiti, nakubali kabisa na nakupenda kwa kutousahau. Ninachojiuliza, na nakuuliza kwa upole, huo wema alifanyiwa nani? Aliyesimama mlangoni kwake ni wewe. Anayetoka na mbwa saa mbili na nusu ni mwanao. Inawezekana bila kujua umekuwa unalipa shukrani zako kwa jioni zake, na mama mwenye nyumba naye bila kujua amekuwa akipokea. Yule mama alipotaja miezi mitatu hakuwa anakudai nadhani, alikuwa anaumia, aliona kajirani kake kamegeuka duka. Mtu aliyeumia hajibiwi kwa orodha ya bei.

Una mikono yako. Ukimshonea mapazia ya sebuleni au foronya za Idi ukampelekea mwenyewe ukamwambia dada hii ni ya ule mwaka, sijausahau, hapo umelipa kwa kitu chako. Halafu siku nyingine kabisa, siyo hiyo hiyo asije akadhani foronya ni rushwa, unaenda na la mbwa. Hatari ipo, anaweza kupokea foronya na la mbwa akakasirika vilevile. Lakini utakuwa umeyatenganisha, na wewe mwenyewe moyoni utasema kwa sauti nyingine.

Ukienda mie ningekushauri uanze na saa, bei iache ije nyuma. Jambo la saa halimdhalilishi mtu. "Dada, huyu kijana ana mtihani mwezi wa kumi na moja, na juzi mbwa alimwangusha, naogopa usiku. Tufanyeje?" Hilo "tufanyeje" usilipunguze, ni la kweli. Anaweza kusema basi awe anamtoa alfajiri baada ya swala kukikucha, au mlinzi wa jirani amtoe, au aache. Akisema aache, mwanao kapoteza elfu kumi na pilau, na mie nahisi kimya kimya utapumua. Akisema aendelee kwa saa nzuri, ndo hapo unasema dogo kajiwekea utaratibu na wateja wake wote, umsikilize mwenyewe anavyosema. Na mwache aseme yeye. Miaka 15 na kaweza kuandika mbwa mkali na mpole, atashindwa kusema "shikamoo mama, nilikuwa naomba"? Wewe kaa pembeni na kanga yako. Ukimsemea itakuwa mpangaji na mwenye nyumba, akisema mwenyewe ni kijana na mteja wake.

Kuna njia nyingine ambayo najua itakujia kichwani, kukata kwenye kodi, mbwa atembezwe na elfu ishirini zishuke. Inavutia, hakuna anayetoa hela mfukoni. Mie inanipa wasiwasi. Kazi ya mtoto ikilipia nyumba ya familia hawezi tena kuiacha, siku akichoka au akiumwa unamwamsha, na yule mbwa anakuwa ndo paa lenu. Mkiamua hivyo basi iandikwe pembeni kwamba hizo elfu ishirini mwanao anakudai wewe, yani we ndo unamlipa.

Ambalo linanileta kwenye kibubu. Umeliandika mwishoni kama mtu anayetupa kitu dirishani usiku, nikalisikia lilipoanguka. Sikuhukumu, umeme ni umeme na giza halina mwenyewe. Lakini ukiwa na elfu arobaini yake hujarudisha, huwezi kujua vizuri ukisema "bei ya haki" unamsemea yeye au unajisemea wewe unayeogopa kibubu kikauke. Hata ukirudisha elfu mbili mbili kila Jumamosi mbele yake, nadhani utaona hili swali la bei linapungua uzito wenyewe. Na kama hajui kwamba ulichukua, mwambie kabla hajavunja.

Mzee wa meli mwacheni. Kama dogo akitaka kumchaji atamchaji, kama akitaka machungwa na hadithi za bandari hiyo nayo ni bei, kachagua mwenyewe na hakuna aliyemlazimisha. Mumeo anaposema jirani ni jirani, ukimwonyesha huyu mzee ataelewa kwamba mwanawe ujirani anaujua, anachouliza ni ule wa usiku tu.

Na ile suruali iliyochanika gotini, najua umeshaishona. Hebu muulize dogo kama kaiweka kwenye daftari. Kiraka na uzi buku ngapi kwa fundi wa Chumbageni siku hizi?

Somo